Alama Zisizo Zangu

3 Februari

Mpwa wangu,

Habari za huko na za kazi. Sisi tu wazima, isipokuwa goti la mama yako. Linamuuma kila akipanda ngazi, na dada yangu nimjuavyo, anapanda makusudi ili apate la kulalamika. Mke wangu anakusalimu. Paka amezaa ndani ya kabati la viatu. Basi, hiyo ndiyo familia.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati simu ninayo. Siku ile uliponiandikisha kwenye kozi ya intaneti, mbele ya watu wote sebuleni, ulisema, "Mjomba, ukianza kusoma funga kila kinachokusumbua kwenye simu." Nimefunga. Nimeanza na wewe. Ukipiga haiiti, ukiandika ujumbe haufiki. Nilikuuliza swali la kawaida tu, kwamba nikiisimamisha video yule mwalimu ananisubiri au anaendelea na wenzangu, ukacheka mpaka ukakaa sakafuni. Watoto wa jirani nao wakacheka kwa kuwa wewe umecheka. Nimelimeza, lakini halijashuka.

Sasa jambo lenyewe. Kiwandani wameleta boila mpya, ya skrini. Ile yangu ya zamani, ambayo naijua hata ikikohoa, itavunjwa. Wewe unadhani kutengeneza sabuni ni kukoroga. Bila mvuke wa boila hapatoki hata kipande. Meneja kasema fundi ambaye hadi mwisho wa Septemba hatakuwa amemaliza masomo kumi na mawili ya kozi hiyo na kupata cheti, atahamishiwa getini kufungulia magari. Mimi, getini! Nimesimamia moto tangu wewe hujazaliwa, leo nikawapigie saluti madereva.

Kila video naitazama mara tatu, mwanzo hadi mwisho. Naelewa yote. Yule bwana anaeleza vizuri, hata natikisa kichwa. Halafu yanakuja maswali, napata manne kati ya kumi. Wewe ni mwalimu wa kompyuta, ndiyo kazi inayokulisha. Niambie kinachoharibika kiko wapi. Na usiniambie ni uzee, maana hapo tutakosana kuliko tulivyokosana.

Mjomba wako

22 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Mimi mzima. Paa la chumba changu cha kompyuta limevuja, mashine nne zimekufa, na mwalimu mkuu ananitazama kama mimi ndiye niliyenyesha. Mama nimezungumza naye. Anasema goti lingepona zamani kama si wewe kumpandisha presha.

Kunifungia simu ni utoto, na nimekwambia. Halafu mimi sikukucheka wewe, nililicheka swali. Kama huioni tofauti, basi.

Kinachoharibika ni hicho kichwa unachokitikisa. Anayeelewa ni yule bwana wa kwenye video. Wewe unamshangilia tu. Ukifika mara ya tatu umeizoea sura yake na sauti yake, ukajiona umejua. Tazama kipande kifupi, kisha zima. Geuza simu kifudifudi. Jieleze kwa sauti kilichosemwa, bila kuchungulia. Pale utakapokwama ndipo hujui. Rudi hapo tu, usirudi mwanzo. Kesho yake, kabla ya kufungua jipya, jiulize la jana. Itakuuma kichwa. Ndiyo kusoma kwenyewe huko, ule mwingine ulikuwa unastarehe. Watoto wangu wa darasa la sita wanafanya hivyo bila kununa, sioni kwa nini ikushinde wewe.

Na uache kusoma huku redio inaongea. Mama kanisimulia.

Mpwa wako

30 Machi

Mwalimu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikiishika barua yako nafika pale pa darasa la sita naiweka chini. Watoto wa paka tumewagawa, amebaki mmoja mwenye kisirani. Mama yako amenunua fimbo ya kutembelea, ila haitembelei, anaitumia kuonyeshea watu walipokosea kupanga vyombo.

Redio nimezima. Usijivune, betri ziliisha.

Nilifanya ulivyosema, nikaona upuuzi mtupu, mtu mzima kujisemesha peke yake chumbani. Mke wangu alikuwa akikunja nguo, akasikia sauti, akadhani nina mtu kwenye simu. Akaja kusimama mlangoni, unajua anavyosimama. Nikamwambia, haya kaa, nikueleze boila. Nikaenda vizuri, najisikia bingwa, mpaka akauliza, "Sasa huo mvuke ukizidi, unatokea wapi?" Nikafungua mdomo, hamna kitu. Toba! Somo nililolitazama hadi nikamjua yule bwana ana vishikizo vya rangi gani! Nikamkaripia mtoto wa watu akakunje nguo zake. Lakini asubuhi nililitafuta jibu, nikalipata, na tangu hapo halijanitoka. Somo la kwanza nikapata nane, la pili nane, la tatu tisa. Mke wangu sasa anaijua boila kuliko meneja.

La nne limenikaba koo. Linauliza: maji yakishuka mno ndani ya boila na moto unawaka, utafanya nini kwanza? Kila mtu anajua, unafungulia maji haraka. Ndivyo alivyonifundisha fundi aliyenitangulia, na ndivyo mkono wangu unavyofanya wenyewe bila kuniuliza. Kozi inasema hapana, zima moto kwanza, na usithubutu kumwagia maji baridi chuma kilichokauka. Ukilikosa swali hilo moja somo zima halipiti, nami nimefeli mara tatu. Jibu lao nalikumbuka, mpwa wangu. Nakataa kulijibu. Mtu aje kwenye skrini na shati la pasi aniambie mkono wangu umekosea miaka yote hii? Mwambie aje kwanza atoe jasho hapa.

Mjomba wako

4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Huku salama. Jioni nimepata kazi ya ziada, nafundisha kwa intaneti katika chuo kimoja, darasa zima liko ndani ya kompyuta na mimi naongea na majina. Usimwambie mama, ataanza kunitafutia mchumba wa hadhi.

Habari ya somo la nne nimeisoma nikajishika kichwa. Nani amekuomba uamini? Jibu wanachotaka, pita, endelea. Ukishapata cheti bishana nao mpaka sauti ikauke. Wewe jaribio la maswali kumi umeligeuza kesi ya mahakamani, na miezi inakwenda. Mama alinipigia juzi akilia. Anasema kaka yake atakufa kwa aibu akikalishwa getini, na kwamba mimi ndiye msomi wa ukoo huu na nimekaa tu natazama. Unafikiri nilijisikiaje? Mimi ndiye ninayelaumiwa kwa ubishi wako.

Paswodi yako ninayo, niliitunga mimi. Nikipata nafasi nitaingia nione ulipokwama.

Mpwa wako

20 Mei

Mpwa,

Wote wazima.

Usiingie. Sijakuita. Hapo nilipokwama ni pangu, niachie. Wiki ijayo boila ya zamani inazimwa kwa mara ya mwisho na ikipoa nitaingia tumboni mwake na tochi. Mke wangu kaniuliza, "Kama wewe ndiye uliye sahihi, si chuma kitaonyesha?" Nitakwenda kuona.

Narudia, usiingie.

Mjomba wako

19 Juni

Sina salamu. Ni mara ya kwanza maishani naandika barua bila salamu. Naiomba radhi karatasi. Wewe sikuombi.

Niliingia ndani ya boila. Nimelala chali kwenye masizi, tochi mdomoni, nikaona mabomba yamepinda, na pembeni mwake nyufa unazoweza kupitisha kucha. Pale pale maji baridi yanapoingilia, si kwingine. Nililala pale mpaka wenzangu wakaniita wakidhani nimezirai. Miaka yote nilipofungulia maji nikijiona shujaa, nilikuwa nakipasua chuma taratibu, na watu wamekaa upande wa pili wa ukuta wanafunga sabuni kwenye makaratasi. Yule bwana wa shati la pasi alikuwa anasema kweli.

Nikaenda nyumbani mbio, hata kuoga sijaoga, mke wangu ananifukuza kwenye kiti nisikichafue. Nikafungua somo la nne. Nilikuwa nalijua! Nalijua kwa mgongo wangu huu uliolala kwenye masizi. Nikakuta la nne ni la kijani, yaani limeshamalizwa. La tano kijani. La sita. Mpaka la kumi na mbili, na cheti juu yake, jina langu, alama tisini na sita. Tarehe inaonyesha uliyafanya yote siku moja, tena kabla barua yangu ya kukukataza haijakufika. Hukungoja hata jibu.

Umeniibia swali langu. Nilikuwa nimefika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, wewe ukanivuta kwa nyuma ukapita mwenyewe.

Kozi yenyewe ilishampelekea meneja nakala. Kesho yake alinisimamisha mbele ya wenzangu, wakanipigia makofi, wengine wananiita profesa. Nikavishwa kilemba cha ukoka huku nakiona kwamba ni ukoka. Ilinibidi niseme palepale na sikusema, kwa sababu nataka useme wewe. Masomo sasa hayafunguki, ukishapewa cheti wanakufungia. Kuanzia Agosti nakabidhiwa boila mpya nikiwa peke yangu kwenye zamu, na sijui somo la tano linaanzaje.

Waandikie wenye kozi. Waambie wafute.

10 Julai

Mjomba,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Siandiki. Nisikilize kabla hujairarua. Chuo ninachofundisha jioni kina mkataba, mwalimu akibainika amemfanyia mtu mtihani anaondolewa, na jina lake linapelekwa hata shule anayofundisha mchana. Unataka nipoteze zote mbili ili wewe upate raha ya kusoma somo la tano?

Na usinitukane wizi. Ulifeli mara tatu, ukasema mwenyewe kwa mwandiko wako kwamba hutaki kujibu. Mama analia, Septemba inakuja, wewe unaniandikia habari za paka. Alihitajika mtu wa kukutoa kwenye maji ya shingo, na huyo mtu ni mimi kama kawaida. Ningejuaje kwamba utaingia ndani ya boila? Nani anaingia ndani ya boila ili ajibu swali la kuchagua a, b au c?

Boila hizi mpya zinajiendesha zenyewe, nimesoma. Kaa mbele ya skrini, itazame, pokea mshahara wako. Wenzako wangeshukuru.

Mpwa wako

16 Agosti

Mwalimu,

Mama yako hajambo. Mke wangu hajambo. Mimi niko getini.

Boila mpya ilikwenda vizuri siku za mwanzo, mpaka asubuhi moja wiki iliyopita skrini ikageuka nyekundu. Maji yanashuka. Mkono wangu ukaenda kwenye maji wenyewe, mazoea hayo. Nikauona unakwenda. Nikaurudisha, nikazima moto. Hapo niliokolewa na lile somo la nne, ambalo nililisoma mimi.

Halafu skrini ikaandika kwamba kipimo cha maji hakiaminiki, ikaniuliza niendelee kwa kipimo cha pili, nipunguze presha, au nifunge mtambo mzima. Inahesabu sekunde huku inaningoja. Mpwa wangu, nilisimama pale kama gogo. Nikakumbuka maneno yako kwamba inajiendesha yenyewe. Nikafunga kila nilichoweza kufunga, nikapiga kengele, nikawatoa watu wote nje hadi kwenye maegesho ya magari, wanawake wengine na mikono yao imejaa povu. Kiwanda kikasimama siku nzima na sabuni ikaganda ndani ya mabomba. Hakuna aliyeumia.

Meneja akachukua cheti changu ukutani akakiweka mezani. Akaniuliza, "Hili ni somo la tisa. Umepata alama tisini na sita, ilikuwaje ukashindwa la tisa?" Nikamwambia alama hizo si zangu. Akauliza ni za nani. Nikamwambia ni za mtu aliyedhani mimi siwezi.

Jina hakulipata. Kaniuliza mara nyingi, kwa upole na kwa vitisho, hakulipata, na wenye kozi walipopiga simu hawakulipata. Wamefuta kila kitu. Wameniruhusu nianze upya tangu somo la kwanza, mtihani utakuwa kwa kamera inayonitazama usoni. Meneja kanipa mpaka mwisho wa Novemba, na amesema wazi kwamba ananivumilia kwa sababu niliwatoa watu.

Sikukuficha kwa mapenzi, usijidanganye. Nilimfikiria dada yangu.

Mjomba wako, mfungua geti

5 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama haongei na mimi. Mkeo ndiye aliyemweleza, akamweleza yote.

Unataka nikushukuru kwa kunificha. Sikushukuru. Ungenitaja tungekuwa tumemalizana, ungepiga, ningelia, tungeachana hapo. Sasa kila asubuhi naingia darasani nawaambia watoto wasinakili.

Nitakwambia jambo moja ili ulijue, ulitumie kunisema ukitaka. Hayo masomo mimi sikuyasoma. Video sikufungua hata moja. Nilikuwa nakopi swali, natafuta jibu kwenye intaneti, nabandika, naenda la pili, huku nakula mkate. Ulipoandika habari za somo la tisa nilijaribu kukumbuka linasema nini, nikakuta sijui, na alama nilipata kumi kati ya kumi. Mimi ndiye niliyekufundisha kugeuza simu kifudifudi.

Na hilo ulilomwambia meneja, kwamba nilidhani huwezi. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta pa kukupinga. Sijapaona. Nilidhani huwezi. Siku ile sebuleni nilishaamua.

Kama unataka, naweza kulisoma la tisa sasa, kweli kweli, nikuandikie nilivyolielewa. Usipotaka, sema.

Mpwa wako

18 Septemba

Sitaki.

27 Novemba

Mpwa wangu,

Habari za siku nyingi. Mama yako amelala hospitali siku mbili kwa lile goti, amerudi, anatembea vizuri na sasa analalamika kwamba haumwi. Anaulizia lini unakuja. Hilo mjibu yeye, mimi si tarishi.

Getini si pabaya kama nilivyodhani, nikwambie ukweli. Lori likishapita kuna nafasi ya kutosha kabla la pili halijafika. Nasoma kipande, naigeuza simu, najieleza. Madereva walinicheka wiki ya kwanza, wakasema mzee kaanza kuongea na geti. Mmoja wa malori ya mafuta ya nazi akaacha kucheka akaanza kuuliza maswali, tena ya kisirani, kama ya mke wangu. Somo la tisa lilinichukua karibu mwezi mzima. Nilimweleza mke wangu, nikakwama, nikamweleza dereva, nikakwama kwingine. Siku nilipolieleza hadi mwisho bila kukwama nilikuwa peke yangu na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Mtihani nimefanya juzi. Kamera inakutazama, ukikuna kichwa inakuuliza unakuna nini. Nimepata alama sabini na moja. Pasi ni sabini. Niliyoyakosa nimeyapitia yote, naweza kukueleza kila moja nililikosaje.

Boila wamempa fundi mwingine, wa umri wako. Kuanzia Jumatatu mimi ni msaidizi wake. Ni kijana mwenye maringo, lakini jana aliniuliza kwa nini moto unazimwa kwanza. Nikamwonyesha bomba moja lililopinda, walilolitoa kwenye ile ya zamani. Akalishika muda mrefu.

Cheti changu cha sasa hakikutundikwa mahali. Kiko ndani ya simu, huwa nakifungua nikiwa peke yangu.

Usije ukaandika barua ya kunipongeza, nitairudisha na stempu yake. Bado sijakusamehe, na simwambii mama yako kwamba nimekusamehe ili afurahi. Siku nikikusamehe utajua mwenyewe. Nitakuomba unifundishe kitu.

Mjomba wako